Matundu Mawili Nyuma ya Amplifaya

Igeuze amplifaya ya gitaa uitazame mgongoni. Karibu na matundu ya spika mara nyingi utakuta mengine mawili: moja la sauti kutoka, la pili la sauti kurudi. Wapigaji wengi hukaa na amplifaya miaka na miaka bila kuchomeka kitu humo. Mafundi wa amplifaya za valvu, wao, wanaweza kubishana juu ya matundu hayo mpaka usiku wa manane, na kila ninavyowasikiliza naona wana haki ya kubishana. Sijaona sehemu nyingine ya amplifaya inayodai subira nyingi kiasi hicho kwa sifa kidogo kiasi hicho. Kazi ikifanywa sawasawa, hakuna atakayesikia kwamba kuna kazi iliyofanywa.

Kati ya matundu hayo ndimo inamopita ile wanayoiita lupu ya efekti. Amplifaya ya gitaa ina nusu mbili. Sehemu ya mbele hupokea mawimbi dhaifu ya gitaa, huyakuza, huyapangia besi na trebo, na mpigaji akitaka huyatia mkwaruzo. Sehemu ya nguvu huyachukua yalivyo na kuyapa uwezo wa kusukuma spika. Lupu huikata njia katikati ya nusu hizo mbili, ikayatoa mawimbi nje yapitie kwenye mashine ya mwangwi au ya dilei, kisha ikayarudisha ndani yaendelee na safari.

Kwa nini usumbufu wote huo, wakati pedali ya dilei inaweza kuwekwa pale mbele, baina ya gitaa na amplifaya? Jibu limo ndani ya mkwaruzo wenyewe. Kukwaruza ni kukata vilele vya mawimbi: sauti kubwa inabanwa, ndogo inapandishwa, na pengo baina yao linapungua. Mwangwi kwa asili ni sauti ndogo inayoifuata kubwa. Ukiupitisha kwenye mkwaruzo, unapandishwa hadi kulingana na noti iliyouzaa, halafu noti na mwangwi wake vinachanganywa kuwa uji mmoja. Ukiukwaruza muziki kwanza na kuutia mwangwi baadaye, kila marudio yanakuja na mkwaruzo wake kamili, yakififia kwa mpangilio.

Hapo ndipo unapoelewa kwa nini lupu haikuwashughulisha sana wapigaji wa huku kwetu. Solo na ridhimu za muziki wa dansi, na za rumba kutoka Kongo, zimejengwa juu ya gitaa safi linalolia kama lilivyo. Pale ambapo hakuna mkwaruzo, mwangwi ukitangulia au ukifuata, tofauti ni ndogo. Lupu ni mtoto wa roki: ya Uingereza na ya Marekani, ya vichwa vya amplifaya vya wati 100 vilivyofunguliwa mpaka mwisho.

Tukichukue kichwa kimoja cha namna hiyo, Marshall 2203. Kilitoka Uingereza mwaka 1975, na kuanzia 1981 kikauzwa kwa jina la JCM800. Kina sehemu ya mbele yenye ukali uliopendwa dunia nzima, kina voliumu kuu ya kupunguza kelele, lakini lupu hakina. Kwa sababu hiyo tangu zamani kimekuwa mgeni wa kudumu kwenye meza za mafundi. Mwenyewe anakuja na ombi moja tu: nataka dilei yangu ikae baada ya mkwaruzo, na nisipoitumia nataka amplifaya yangu iwe ileile. Nusu ya kwanza ya ombi ni kazi ya mchana mmoja. Nusu ya pili ndiyo inayotofautisha fundi na fundi.

Njia rahisi ni kukata waya baada ya voliumu kuu, kuunganisha jeki mbili na kuishia hapo. Lupu ya aina hii haina valvu wala kitu chochote cha kusaidia, na zipo amplifaya za bei mbaya zilizouzwa nayo. Tatizo ni kwamba mahali pale palipokatwa mawimbi yana volti nyingi na nguvu kidogo. Voliumu kuu ya 2203 ni ya omu milioni moja. Ikiwa katikati ya ukinzani wake, mawimbi yanatoka nyuma ya ukinzani unaofikia omu 250,000. Sasa unganisha kebo. Kebo ya gitaa ni kapasita iliyorefushwa, wastani wa pikofaradi 100 kwa kila mita, na mita tatu za kwenda na tatu za kurudi zinatoa pikofaradi 600. Piga hesabu: sauti zinaanza kupotea kwenye hezi 1,060 hivi. Ule ung'avu wa Marshall, ile sauti inayopasua katikati ya ngoma na besi, umebaki ndani ya kebo. Mwenyewe atasema amplifaya imefunikwa blanketi, na atamlaumu aliyetengeneza pedali.

Dawa yake ni valvu. Valvu inayopendwa kwa kazi hii ni ECC83, ambayo Wamarekani huiita 12AX7, na uzuri wake ni kwamba ndani ya chupa moja ya kioo mna triodi mbili zinazojitegemea. Moja hutumwa kutoa, nyingine hutumwa kupokea. Kila triodi ina kathodi inayotoa elektroni, anodi inayozipokea, na gridi iliyo katikati inayozibana au kuziachia. Katika amplifaya nzima tumezoea kuona mawimbi yakiingia kwenye gridi na kuchukuliwa kwenye anodi yakiwa yamekuzwa. Triodi ya kutolea haifanyi hivyo. Yenyewe hutoa mawimbi kwenye kathodi, na kwenye kathodi hakuna ukuzaji: kinachoingia ni volti moja, kinachotoka ni pungufu kidogo ya volti moja.

Mtu asiyejua atauliza valvu isiyokuza ina faida gani. Faida yake ni ya hamali: haongezi kitu kwenye mzigo, lakini anaubeba hadi ng'ambo. Ukinzani wa kutoka kwenye kathodi ya ECC83 ni kama omu 600 hadi 1,000, badala ya laki mbili na nusu. Pikofaradi zilezile 600 zinakutana na omu 1,000, na sasa upotevu unaanzia kwenye hezi 265,000, mbali kabisa na sikio la binadamu. Upande wa kuingilia, gridi haidai karibu chochote, kwa hiyo vidhibiti vya besi na trebo vilivyo nyuma yake havijui kwamba kuna kitu kimeongezwa.

Nami naona hapa pana uzuri ambao haupigiwi kelele. Mafundi wa amplifaya husifiwa kwa ukuzaji, kwa hatua za mkwaruzo zilizopandana moja juu ya nyingine, kwa jina la sauti waliyoibuni. Triodi ya kutolea haina sauti ya kujivunia. Hata hivyo kuipangia volti zake ni kazi ya uangalifu kuliko hatua nyingi za kukuza, maana kathodi yake hukaa juu, mara nyingi volti mia na zaidi kutoka ardhini, ilhali waya wa kuipasha moto umo ndani yake, pungufu ya milimita moja tu kutoka kwake. Watengenezaji wa ECC83 huweka mpaka wa volti 180 hadi 200 baina ya waya huo na kathodi. Fundi mwenye haraka huusahau mpaka huo. Valvu inafanya kazi miezi michache, kisha inaanza kuvuma na kukwaruza kwa sababu asiyoielewa. Fundi mwenye subira huupandisha waya wa moto wenyewe kwa volti 40 au 60, ili tofauti ipungue. Ni rezista mbili na kapasita moja. Hakuna mteja atakayeziona.

Baada ya hapo linakuja suala la kapasita ya kutolea, na hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu ndipo penye makosa mengi na pia ndipo penye marekebisho rahisi kuliko yote. Kathodi ina volti za moja kwa moja ambazo hazipaswi kufika kwenye pedali, kwa hiyo kapasita inawekwa njiani kuzizuia na kupitisha mawimbi peke yake. Ndani ya Marshall kapasita za kuunganisha hatua kwa hatua ni za maikrofaradi 0.022, na mtu anayefuata mazoea atachukua hiyohiyo. Akiunganisha pedali ya kawaida yenye ukinzani wa kuingia wa omu milioni moja, mambo ni shwari: besi inapotea chini ya hezi 7, ambako hakuna muziki. Siku mteja anapoleta mashine ya raki ya studio yenye omu 10,000, kapasita ileile inaanza kukata kwenye hezi 723. Uzi mnene wa gitaa, mi ya chini, unalia kwenye hezi 82. Gitaa limenyolewa nusu ya mwili wake, na hakuna kilichoharibika: kila kipande kinafanya kazi kama kilivyoagizwa.

Weka maikrofaradi 1 badala yake, na hata kwenye omu 10,000 upotevu unashuka hadi hezi 16. Kipande kimoja tu kimebadilishwa. Lakini fundi mzuri haachii hapo. Kapasita kubwa ya plastiki ya volti 400 inataka nafasi, inataka kufungwa isitikisike, na ikichomekwa kebo wakati imejaa chaji itapiga mshindo kwenye spika. Kwa hiyo anaongeza rezista ya omu milioni moja kutoka kwenye jeki kwenda ardhini, iwe inaimwaga chaji polepole muda wote. Kila dawa ina kidonda chake kidogo, na kila kidonda kina rezista yake.

Bado hatujazungumzia ukubwa wa mawimbi. Ndani ya amplifaya ya valvu mawimbi yaliyokwisha kukwaruzwa yanaweza kuwa na volti kumi na zaidi kutoka kilele hadi kilele. Pedali inayotumia betri ya volti 9 haiwezi kuyameza. Itayakata yenyewe, na mkwaruzo wake haupendezi hata kidogo. Mashine za studio hutarajia kama volti 1.23, kipimo cha wataalamu, au volti 0.316, kipimo cha vyombo vya nyumbani. Pedali za sakafuni zinapenda hata chini ya hapo. Kwa hiyo mawimbi yapunguzwe kabla ya kutoka, kisha yakuzwe upya yakirudi.

Kupunguza ni rezista mbili. Ya omu 100,000 ikifuatwa na ya omu 10,000 kwenda ardhini, kinachotoka katikati yao ni sehemu moja ya kumi na moja, yaani desibeli 21 chini. Mtu angedhani kazi imekwisha. Tazama tena: ile sifa ya kathodi ya kutoa kwa omu 600 imezikwa. Anayetazama kutoka kwenye jeki sasa anaona ukinzani wa omu 9,000 hivi. Si balaa, kwa kebo fupi haisikiki, lakini ikiwa fundi alishajitaabisha kuweka valvu, kwa nini aitupe nusu ya faida yake? Anashusha zote mbili kwa uwiano uleule: omu 22,000 na omu 2,200. Mawimbi bado ni sehemu moja ya kumi na moja, ila ukinzani umeshuka hadi 2,000, na mchakacho ambao rezista huutoa kwa sababu ya joto lake lenyewe umepungua pia. Kisha lazima arudi nyuma aulize kama kathodi inaweza kuubeba mzigo huo mpya bila kukata vilele. Kwa omu 24,000 na volti kumi za kilele, mkondo unaotakiwa ni chini ya nusu ya miliampea, na triodi iliyopangwa vizuri inauweza. Akishusha zaidi, kwa tamaa ya kufikia ukamilifu, triodi inaanza kuchoka na mkwaruzo unaingia mahali usipotakiwa. Kati ya kinachowezekana na kilichozidi, nafasi ni nyembamba, na hesabu peke yake haitoshi kuionyesha. Lazima oskiloskopu iwashwe.

Mawimbi yakirudi yanaikuta triodi ya pili. Hii sasa hukuza kwa njia iliyozoeleka: rezista ya omu 100,000 kwenye anodi, ya omu 1,500 kwenye kathodi. Bila kapasita ya kuikwepa rezista ya kathodi, ukuzaji ni mara 32 hivi. Ukiiweka, unafika mara 60. Sisi tulipunguza mara 11, kwa hiyo tunahitaji mara 11, si 32. Tofauti hiyo ndiyo chanzo cha malalamiko ambayo kila fundi ameyasikia: nikiwasha lupu, sauti inapanda. Mteja wa kwanza atafurahi, maana sikio la binadamu huiona sauti kubwa zaidi kuwa ndiyo nzuri zaidi, hata tofauti ikiwa ni desibeli moja. Atakwenda nyumbani akisema lupu imeipa amplifaya uhai. Fundi aliyekomaa haikubali sifa hiyo. Anajua kwamba kilichosifiwa ni kelele.

Ziada hiyo inaweza kukatwa mahali pawili. Ukiikata kabla ya triodi, mawimbi yanapungua lakini mchakacho wa triodi yenyewe unabaki palepale, ukikuzwa mara 32 kama kawaida. Ukiikata baada ya triodi, unapunguza mawimbi na mchakacho kwa pamoja. Kwa hiyo ukitaka ukimya, acha triodi ikuze kwanza, kisha punguza mbele yake, ilimradi kinachorudi kisiwe kikubwa kiasi cha kuifurikisha. Badiliko hili hata si la kununua kitu. Ni kuhamisha rezista mbili kutoka upande mmoja wa triodi kwenda wa pili. Nimewahi kusikia amplifaya kabla na baada ya kuhamishwa huko, na katikati ya noti, pale mpigaji anapoacha nyuzi, ule mvumo wa mchanga unaomwagika ulikuwa umetoka chumbani.

Wapo wanaopendelea kubadilisha valvu badala ya rezista. Soketi ileile inapokea ECC81, ambayo ukuzaji wake wa asili ni 60, au ECC82 yenye 20 hivi, badala ya 100 za ECC83. Pini zimepangwa sawa. Ni jaribio la dakika moja na halihitaji lehemu. Kikwazo ni kwamba triodi zote mbili zimo kwenye chupa moja: ukibadilisha ya kupokea umebadilisha na ya kutolea, na pengine hukutaka. Kwa kusikiliza haraka ni njia nzuri. Kwa kumaliza kazi, rezista ni mwaminifu zaidi.

Kuna jambo ambalo mtu hafikirii mpaka limkute. Valvu mpya inakula umeme. Triodi mbili zinavuta kama miliampea mbili za volti kubwa. Zikiunganishwa mahali pabaya kwenye mnyororo wa rezista na kapasita unaoilisha sehemu ya mbele, rezista ya omu 10,000 inayopitisha miliampea mbili zaidi inapoteza volti 20 zaidi, na valvu zote zinazofuata zinalishwa pungufu. Amplifaya inakuwa laini kidogo, mkwaruzo unakuja mapema, na mpigaji mwenye sikio atalalamika kwamba si ileile hata kama lupu imezimwa. Fundi anaweza kutafuta kosa kwenye njia ya mawimbi siku nzima asilione, kwa sababu kosa limo kwenye njia ya chakula. Dawa ni kuijengea lupu tawi lake, likiwa na rezista na kapasita yake mwenyewe, na kupima volti za kila anodi kabla na baada. Halafu upo umeme wa kupasha moto: miliampea 300 zaidi kwa volti 6.3, na transfoma iulizwe kwanza kama inaziweza.

Vipimo hivyo vyote vinafanyika kwenye chombo chenye volti zaidi ya 400, na kapasita zake hubaki na chaji hata baada ya waya kuchomolewa ukutani. Fundi anazimwaga kupitia rezista, anapima kuhakikisha zimekwisha, na anapolazimika kugusa ndani umeme ukiwa unawaka hutumia mkono mmoja, wa pili ukiwa mfukoni au mgongoni. Hapa pia ndipo pa kuisema vibaya tabia ya kukata waya wa ethi ili kuondoa mvumo. Ni kweli kwamba amplifaya na mashine ya raki zikichomekwa kwenye soketi tofauti, ardhi mbili zinaweza kuunda duara na kuleta mvumo wa hezi 50. Lakini mvumo unatibiwa kwa kutenga jeki zisiguse chasisi na kuipeleka ardhi yao sehemu moja, au kwa transfoma ndogo ya kutenganisha kwenye njia ya kurudi. Waya wa ethi uko pale kwa ajili ya maisha ya mtu anayeshika nyuzi za chuma.

Mgogoro mkubwa kuliko yote ni baina ya lupu ya mfululizo na lupu sambamba. Kwenye ya mfululizo, mawimbi yote yanatoka na yote yanarudi. Kwenye sambamba, sauti safi inabaki ndani ikiendelea na safari, nakala yake tu ndiyo inayotoka, na kitufe kinachanganya mbili hizo. Wazo lenyewe ni la heshima: usiipitishe roho ya amplifaya kwenye mashine ya watu. Mesa/Boogie ya California iliweka lupu ya aina hiyo kwenye Dual Rectifier za miaka ya 1990, na wenye amplifaya hizo wengi wakaishia kuwapelekea mafundi wazigeuze kuwa za mfululizo. Sababu ni mbili. Triodi ya kupokea inageuza mawimbi juu chini, kwa hiyo sauti safi nayo igeuzwe, la sivyo mbili hizo zinafutana. Hilo mbunifu analiweza. La pili halimo mikononi mwake: pedali za kidijitali huchelewesha mawimbi kidogo hata zikiwa hazifanyi lolote. Ucheleweshaji wa milisekunde moja, ukichanganywa na sauti isiyocheleweshwa, unafuta hezi 500, 1,500, 2,500 na kuendelea hivyohivyo, na gitaa linasikika kama linapigiwa ndani ya bomba. Hakuna rezista inayoweza kuutibu muda. Kwa maoni yangu wabunifu wa lupu sambamba walikuwa na adabu kuliko vifaa vilivyokuja baada yao. Vifaa ndivyo vilivyoshinda.

Mtu aliyelichukulia suala hili kwa uzito kuliko wengi alikuwa Howard Dumble wa California, aliyezaliwa 1944 na kufariki mwaka 2022. Alitengeneza amplifaya kwa mkono, moja moja, akimsikiliza mpigaji kwanza, na saketi zake nyingi alizifunika kwa gundi ngumu ili asiibiwe ujuzi. Kwenye Overdrive Special yake aliacha matundu mawili matupu yasiyo na msaada. Msaada aliuweka nje, ndani ya kisanduku cha pekee chenye valvu zake, kinachoitwa Dumbleator. Kina kitufe cha kiasi cha kutoka na kitufe cha kiasi cha kurudi, na swichi ya kurudisha ung'avu. Mike Soldano, naye Mmarekani, alipotoa SLO-100 mwaka 1987 aliijengea lupu ya valvu ndani kabisa. Njia ya Soldano ni rahisi kwa mtumiaji. Ya Dumble ni ya mtu anayekubali kwamba hajui mpigaji ataunganisha nini kesho, kwa hiyo anamwachia vitufe viwili na sikio lake.

Kisanduku hicho cha Dumble kimezaa tabia ambayo inaivuruga kidogo hoja yangu ya ukimya. Wapigaji waligundua kwamba ukikizidisha kitufe cha kurudi, triodi ya kupokea inaisukuma sehemu ya nguvu kwa namna inayopendeza, na baadhi yao hukiacha kisanduku kimeunganishwa bila pedali yoyote katikati, kebo fupi tu kutoka tundu moja hadi jingine. Wamelipia chombo kilichobuniwa kisisikike, na wanakitumia kwa sababu kinasikika. Fundi mwenye msimamo mkali atanuna. Mwenye busara huuliza kabla ya kuwasha pasi ya lehemu: unataka lupu isiyokuwepo, au unataka ladha? Jibu linaamua kama kitufe cha kurudi kitakuwa nje, mpigaji akizungushe atakavyo, au ndani, kikiwa kidogo cha kuzungushwa kwa bisibisi mara moja na kuachwa.

Akisema anataka lupu isiyokuwepo, kupima ndiko kunakomaliza ubishi. Spika inaondolewa na mahali pake panawekwa rezista kubwa ya omu 16 au 8 inayoweza kuhimili wati 100, kwa sababu amplifaya ya valvu haiwashwi bila mzigo. Mawimbi ya hezi 1,000 yanaingizwa mbele. Volti inayotoka inasomwa lupu ikiwa imepitwa, kisha ikiwa ndani, na kile kitufe kidogo kinazungushwa mpaka sindano isihame. Halafu mawimbi laini yanabadilishwa na ya mraba, kwa kuwa mraba hausitiri kitu: uso wake wa juu ukiinama, besi inapotea, pembe zake zikiviringika, trebo inapotea. Fundi anatazama pembe hizo, anabadilisha kapasita, anatazama tena. Kisha anachomeka kebo ndefu ya makusudi, mita kumi, na kuangalia kama pembe bado ni kali.

Halafu kuna jambo dogo la chuma, ambalo limewahi kuwapeleka watu kwa fundi wakidhani valvu zimekufa. Pasipo kebo, jeki ya kurudi ina ulimi wa ndani unaogusa na kuiunganisha na ya kutoka. Ulimi huo usiotumika miaka mingi hushika kutu, na sauti inaanza kukatika, ikipungua na kurudi yenyewe katikati ya wimbo. Kipimo chake hakina gharama: unganisha tundu la kutoka na la kurudi kwa kebo fupi. Sauti ikitulia, mgonjwa ni ulimi. Kuingiza na kuchomoa jeki mara kadhaa humpa nafuu, dawa ya kusafishia humponya, na fundi anayejenga lupu mpya huchagua jeki zenye ulimi mgumu hata kama ni ghali, au huweka swichi badala yake.

Kwenye 2203 ya zamani linabaki swali la kutoboa. Lupu ya valvu inataka tundu la soketi juu ya chasisi na matundu ya jeki nyuma, na chuma kikitobolewa hakirudi. Wanunuzi wa amplifaya za umri huo hulipa zaidi kwa isiyoguswa, kwa hiyo wapo mafundi watakaomshauri mwenyewe anunue kisanduku cha nje na kutumia waya mbili tu zinazoweza kuondolewa. Wakikubaliana kutoboa, tundu linapimwa mbali na transfoma ya umeme, na soketi inageuzwa upande ambao waya wa gridi utakuwa mfupi kuliko wote. Rezista na kapasita zilizotolewa huwekwa kwenye kifuko kinachofungwa ndani ya kasha pamoja na karatasi ya volti zilizopimwa kabla na baada, ili fundi atakayeifungua tena, awe yeye au mwingine, asianze kwa kukisia.